Afande Aliyehesabu Risasi za Sinema

Sijawahi kumaliza kuangalia sinema hata moja na Afande. Miaka minne tuliishi jengo moja kule Eagan, Amerika, yeye ghorofa ya chini kwa binti yake Rehema, mimi juu yao. Jumamosi nyingi za baridi niliteremka na sahani ya maandazi, nikakaa kwenye kochi lao nikitumaini kwamba leo, angalau leo, tutaona mwisho. Hatukuuona. Rimoti ilikuwa mkononi mwa Afande, na Afande akishika kitu, kimeshikwa.

Kanda zenyewe zilikuwa za Kikantoni, picha za mapigano, nazo alizikodi katika duka moja la vyakula pale University Avenue, Saint Paul. Kulikuwa na steringi wa koti refu, adui wa miwani myeusi, na watu wengi wa kufa katikati. Wengine huangalia picha hizo kwa ajili ya steringi. Afande aliangalia bunduki. Jeshini, nyumbani Tanzania, alikuwa sajini wa ghala la silaha, kazi yake kutunza, kukagua na kukabidhi, na tangu aje Amerika kukaa na mwanawe sidhani kama alipata kitu kingine kilichomfanya akae mbele kwenye kiti namna ile.

"Simama hapo," alikuwa akimwambia mtu wa kwenye runinga, kisha anabonyeza. Picha inaganda, mistari inatetemeka. "Ile bastola ni ya Kiitaliano. Magazini yake inabeba kumi na tano. Weka na ile iliyo chemba, tayari kupigwa, kumi na sita. Binti, umehesabu?"

"Sijahesabu, Afande," nikajibu.

"Ishirini na tisa. Ishirini na tisa, na hajabadilisha magazini. Hizo kumi na tatu kazitoa wapi? Kaazima kwa jirani?"

Halafu anarudisha kanda nyuma, ili nami nihesabu. Tulihesabu. Zilikuwa ishirini na tisa. Steringi aliruka juu ya meza, Afande akamsimamisha hewani, akaanza kueleza kwa nini mtu anayeruka hawezi kulenga.

Majina ya wahusika hakuyashika, kwa hiyo aliwaita kwa silaha zao. Alikuwepo Mzee wa Rivolva, alikuwepo Yule wa Mbili Mbili, alikuwepo mama mmoja mwenye bunduki ya marisawa iliyokatwa mtutu, ambaye Afande alimheshimu kwa sababu alikuwa akijaza risasi waziwazi mbele ya kamera. Alikuwa na daftari la shule, mistari ameipiga kwa rula: mhusika, silaha, nchi ilikotengenezwa, risasi inazobeba, risasi alizopiga. Mwishoni paliachwa nafasi ya maoni. Maoni yalikuwa mafupi. "Hana nidhamu." "Anakimbia kidole kikiwa kwenye kifyatulio." "Amemwelekezea rafiki yake mara nne."

Mhusika mmoja tu alipewa maoni mazuri katika daftari zima. Alikuwa mlinzi wa ghala la forodha, mzee mnene mwenye bunduki ya Kichina aina ile ile ambayo Afande aliitunza miaka mingi. Mlinzi huyo anaonekana kwa dakika mbili hivi. Anaingia zamu, anavuta bunduki kuangalia chemba, anafunga sefti isije ikafyatuka, anaketi, anafungua chakula chake, kisha wanaingia wabaya wanamuua. Afande aliikodi kanda hiyo mara sita au saba kwa ajili ya zile sekunde za mwanzo. "Ona," alikuwa akisema. "Kaangalia chemba. Hakuna aliyemwambia aangalie. Kaangalia." Na yule mzee alipouawa, Afande alizima.

"Tuendelee, Afande."

"Tuendelee na nini? Waliobaki ni wahuni."

Nasema haya sasa kwa kicheko kidogo, lakini wakati ule sikucheka. Nilikuwa nafanya kazi maabara ya hospitali siku tano kwa wiki, siku ya sita nataka kukaa mbele ya picha kama mtu mwingine yeyote, niachwe nidanganywe. Afande hakumwacha mtu adanganywe.

Halafu kulikuwa na suala la Kichina. Ujanani jeshini walifundishwa na wakufunzi wa Kichina, na kweli maneno machache aliyajua: simama, lenga, safisha, vibaya, rudia. Lakini wakufunzi wale walisema Kichina cha serikali, na Kikantoni ni lugha nyingine kabisa, kama mtu aliyejifunza Kiswahili apelekwe akasikilize Kinyakyusa. Afande hakukubali. Kila baada ya muda alitafsiri.

"Anamwambia akasafishe."

Chini ya kioo kulikuwa na maandishi ya Kiingereza. "Afande, imeandikwa anamwambia kwamba anampenda."

"Wameandika vibaya."

Siku moja nilimpeleka mwenyewe dukani kurudisha kanda. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo kutoka Hong Kong, anakaa nyuma ya mashine ya kupokelea pesa kati ya magunia ya mchele na rafu za kanda. Afande akasimama wima mbele yake, akatoa salamu yake ya Kichina kwa sauti iliyofanya mteja mmoja adondoshe kopo. Yule mama akacheka mpaka akashika kaunta. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba babu huyu anasema kama kipaza sauti cha gwaride.

"Anasemaje?" akaniuliza Afande.

"Anasema unasema kwa sauti."

"Ndivyo tulivyofundishwa."

Akafungua daftari lake, akamwonyesha yule mama hesabu ya risasi, nami nikalazimika kutafsiri mstari kwa mstari huku watu wakipanga foleni nyuma yetu na mifuko ya mboga. Yule mama akasikiliza kwa upole, kisha akauliza: kwani hajui kwamba bunduki zile ni za kuigiza?

"Mwambie najua," akasema Afande. "Mwambie ni risasi baridi, za mlio tu, nimeona moto unavyotoka kwenye mtutu, ni mkubwa mno. Lakini mwulize, wakiigiza daktari, je, humdunga mgonjwa sindano ya jicho?"

Nilitafsiri. Yule mama akafikiri. Tangu siku hiyo akawa anamwekea kando kanda mpya, na kunitazama mimi kwa huruma.

Nyumbani kwa binti yake alikuwa hivyo hivyo. Kabla ya kutoka aligusa vitufe vya jiko kimoja kimoja, midomo ikicheza. Visu aliviweka vikiwa vimeelekea upande mmoja. Na ukimjibu swali, alikuwa na swali lake juu ya jibu lako.

"Umefunga gari?"

"Nadhani nimefunga, Afande."

"Umeangalia, au unadhani?"

Nilivaa koti, glavu na viatu vya theluji, nikatoka kwenye baridi ya kukata masikio, nikavuta mlango wa gari. Ulikuwa umefungwa. Nikarudi.

"Umefungwa."

"Sasa unajua," akasema, akaendelea na chai yake. Nilitamani kumrushia glavu.

Walimpatia kibarua katika ghala moja huko Shakopee, kupanga makasha kwenye mkanda unaotembea. Kando ya mkanda kulikuwa na kamba nyekundu ya kuusimamisha ikitokea hatari. Watu walifanya kazi pale miaka bila kuigusa. Afande aliivuta mara tatu wiki ya kwanza. Mara ya kwanza kwa kasha lililochanika kitako. Mara ya pili kwa mkono wa koti la kijana mmoja Msomali uliokuwa unaning'inia karibu na magurudumu. Mara ya tatu kwa sababu hakuupenda mlio. Msimamizi akampa ufagio. Ningependa kusema kwamba baadaye mkanda ule ulikatika na Afande akaonekana shujaa. Haukukatika. Najua, maana Watanzania wawili wa kanisani kwetu walifanya kazi pale hadi mwisho wa miaka ile ya tisini, na walikuwa wakimcheka.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba mtu huyu, aliyezitaja bunduki tangu chai ya asubuhi, hakutaka kuzigusa. Tuliingia naye duka la vifaa vya michezo nikitafuta viatu, na kule nyuma, baada ya nyavu na fimbo za kuvulia samaki, kulikuwa na ukuta mzima wa bunduki kama unavyopanga miavuli. Afande alisimama mbele ya ukuta ule mikono imefungwa mgongoni. Muuzaji, kijana mchangamfu, akateremsha moja akamnyooshea. Afande akarudi nyuma hatua moja.

"Mwambie namshukuru," akaniambia. "Silaha haishikwi kwa kusalimiana."

Sasa nije kwenye jambo la Salim.

Salim alikuwa mume wa Rehema, Mkenya wa Mombasa, mtu mwepesi wa maneno na mkarimu, akiendesha teksi Minneapolis. Miaka ile mji ulikuwa mbaya. Kulikuwa na mitaa ambayo madereva walikataa kuingia hata mchana, na dereva mmoja rafiki yake Salim alipigwa risasi ya bega kwa ajili ya gari lenyewe, si zaidi. Salim akamwendea baba mkwe wake, kwa heshima kabisa, mimi nikiwepo.

"Baba, wewe wazijua hizi vitu. Nataka kununua bastola, niwe nayo kwa gari. Ninunue gani?"

"Usinunue," akasema Afande.

"Baba, mimi ndiye na-drive kule, si wewe."

"Una mtoto wa miaka minne ndani ya nyumba hii, anapanda kila kitu kama paka. Usinunue."

Salim akaenda zake kazini. Tukadhani yamekwisha.

Asubuhi moja ya Jumamosi, mwezi wa kwanza, nilisikia mlango ukigongwa. Alikuwa Afande, amevaa ndala, theluji vidoleni, kwa maana ngazi zetu zilikuwa za nje. Salim alikuwa kazini, Rehema amempeleka mtoto kliniki.

"Njoo chini," akasema. "Boksi halifunguliwi na mtu mmoja."

Juu ya friji, nyuma ya mifuko ya unga, kulikuwa na boksi la viatu. Afande huangalia kila mahali, kwa hiyo lazima angeliona. Akanawa mikono, akaikausha, akanisimamisha kulia kwake kama shahidi, akalifungua. Ilikuwa bastola nyeusi, fupi. Akaishika, na hapo nilimwona mtu ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka yote ile. Yule mzee msumbufu wa vitufe vya jiko aliondoka. Mikono ilienda yenyewe, polepole, bila kusita. Akatoa magazini. Akavuta sehemu ya juu nyuma, na risasi moja ikaruka kutoka chemba, ikagonga sinki, ikaviringika.

Akaitazama ikitulia. "Mtu akikwambia bunduki haina risasi," akasema, "amekwambia matumaini yake."

Kisha akaifungua bastola juu ya taulo ya jikoni, kipande kwa kipande, akaondoa kijipini kidogo, si kirefu kuliko njiti ya kiberiti, kile kinachogonga kitako cha risasi ili iwake. Akakifunga kwenye karatasi, akakitia mfukoni. Akaiunganisha bastola tena, akarudisha ile risasi na magazini, akarudisha boksi nyuma ya unga kama lilivyokuwa.

"Sasa ni chuma tu," akasema.

"Afande, Salim hajui."

"Atajua. Nitamwambia."

"Lini?"

"Nitamwambia, binti. Ni mkwe wangu. Yana namna yake."

Nilipanda ngazi kurudi kwangu. Jumatatu nilimwuliza kama amemwambia. Akasema bado, Salim alirudi amechoka. Alhamisi nilimwuliza tena. Akanijibu kwa somo refu juu ya sefti za bastola za Ulaya. Wiki ya pili sikumwuliza. Nami nilikuwa na mdomo, nami nilikuwa nakutana na Salim mlangoni pale pale, ananiambia "dada, mambo?" nami namwambia poa. Hadi leo sijui kwa nini nilinyamaza. Nadhani niliogopa ugomvi wa nyumba isiyo yangu.

Ilikuwa wiki ya tatu, mchana kweupe, kama saa tisa. Salim alichukua abiria wawili karibu na Lake Street. Walipofika mtaa mtulivu mmoja wao alimwekea kitu kisogoni, akamwambia ateremke aache gari. Wiki hiyo Salim alikuwa ameanza kubeba bastola yake, akiiweka chini ya kiti. Akaitoa, akageuka, akamwelekezea yule mtu usoni, akavuta. Ikalia ta. Akavuta tena. Ta. Yule mtu alikuwa na bastola pia, lakini hakupiga. Sijui kwa nini, hata polisi hawakujua. Alimpiga nayo Salim usoni mara tatu au nne, wakamtupa yeye na bastola yake kwenye theluji, wakaondoka na gari. Taya lilivunjika mahali pawili. Jicho la kushoto lilifunga wiki mbili.

Alipotoka hospitali alipeleka bastola kwa fundi wa duka alikoinunua, akitaka kurudishiwa pesa kwa kuuziwa kibovu. Fundi akaifungua, akamwambia haina kosa lolote, ila kuna mtu amekitoa kijipini.

Rehema alinipigia simu niteremke. Nilikuta Salim amesimama katikati ya sebule, taya limefungwa waya, anasema kwa meno yaliyobanana. Afande amekaa kwenye kiti chake. Runinga ilikuwa imezimwa.

"Ni nani?" akauliza Salim. "Nyumba hii ina watu watatu wazima. Ni nani?"

"Mimi," akasema Afande.

"Baba. Wewe wataka nife?"

Na hapo, Mungu anisamehe, nilimwona Afande akiinama mbele kwenye kiti namna ile ile ya siku za sinema.

"Ulivuta mara ngapi?"

"Nini?"

"Ulivuta mara ngapi?"

"Mara mbili! Nimevuta mara mbili! Kwa nini waniuliza?"

"Ulimlenga wapi?"

"Hapa!" Salim akajigusa katikati ya macho.

"Basi ungekuwa umeua mtu," akasema Afande. "Sasa hukuua."

"Ndiyo ningeua! Angekufa yeye, si haki yangu? Wewe wakaa hapa na filamu zako, wahesabu risasi za Wachina, mimi niko kule nje na chuma kisicho kitu! Nimekaa na wewe miaka minne, Baba. Chumba chako ndicho chenye heater nzuri. Si uniambie tu! Neno moja! 'Salim, nimeitoa.' Neno moja!"

Rehema, aliyekuwa amemshika mtoto, akanigeukia, kwa maana nilikuwa nimeinama.

"Wewe ulijua," akasema.

Nilisema ndiyo.

Rehema hakusema nami kwa zaidi ya mwaka. Tulipishana chini ya ngazi kama wapangaji wawili wasiojuana. Afande aliondoka mwisho wa wiki hiyo na sanduku moja na maboksi mawili ya vitabu na kanda, akapanga chumba Anoka, kule juu mtoni, kwa mjane mmoja wa Kimarekani aliyehitaji mtu wa kusafisha theluji mlangoni. Nilisikia kwamba anaosha vyombo katika jiko la shule. Nilisikia pia kwamba aliwahi kuzima jiko zima la gesi siku ya chakula cha wageni kwa sababu alisikia harufu ambayo mwingine hakuisikia. Sikumtembelea. Nilikuwa na hasira naye ambayo sikujua niiweke wapi, maana nusu yake ilikuwa yangu mwenyewe.

Kisha mwaka uliofuata, majira ya kuchipua, Rehema aligonga mlango wangu. Hakuingia. Alisema Idi inakaribia, na Salim amekubali baba aje kula nao, kwa sharti moja: aseme samahani. Salim hataki hotuba, anataka neno. "Mimi nimempigia mara tatu, ananieleza habari za hali ya hewa," akasema Rehema. "Wewe na yeye mlikuwa pamoja katika hili. Nenda."

Basi nikaenda Anoka. Chumba chake kilikuwa kisafi kama kilivyotarajiwa. Aliniandalia chai. Nilimpa ujumbe jinsi ulivyo, bila kuongeza chumvi.

"Samahani ya nini?" akasema. "Kwa kumwacha bila damu mikononi?"

"Kwa kutomwambia."

"Yule mtu wa nyuma angekuwa maiti leo. Na mwenzake angempiga Salim. Umefikiri hilo? Bastola ya namna ile, ndani ya gari, umbali wa..."

"Afande!" Sikuwahi kumpaazia sauti kabla ya siku hiyo. "Basi. Sitaki umbali. Salim angejua kwamba hana silaha, angetoa funguo za gari, angeshuka, angerudi nyumbani na taya lake. Aliitoa ile bastola kwa sababu aliamini inafanya kazi. Ni wewe na mimi tuliomwachia aamini!"

Akashika kikombe kwa mikono miwili. Nikaendelea, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza. Nilimwambia ninachofikiri juu yake tangu siku ya sinki: kwamba huko jeshini kuna mtu alikufa. Kijana fulani, kwa bunduki fulani ambayo yeye hakuiangalia, na kwamba ndiyo maana anatusumbua sisi wote hivi. Nikamwuliza ni nani.

Niliona amekasirika kwa dhati.

"Hakufa mtu," akasema.

"Afande."

"Hakufa mtu! Unataka hadithi ya sinema. Miaka kumi na moja nilikuwa na funguo za lile ghala, vitani na baada ya vita, na hakufa mtu kwa silaha iliyotoka mkononi mwangu vibaya. Hakukatika mtu kidole. Unajua kwa nini? Kwa sababu nilikuwa msumbufu. Walinichukia. Kapteni alinichukia. Niliwarudisha foleni nzima kwa risasi moja iliyopungua. Hiyo ndiyo hadithi yangu, binti, haina mtu aliyekufa, kwa hiyo hakuna anayeisikiliza."

Nje mjane alikuwa anaburuta pipa la taka. Afande aliinuka, akaenda dirishani, akakaa pale akinipa mgongo.

"Kulikuwa na sheria," akasema baadaye, kwa sauti nyingine. "Silaha ikiharibika, au ukitoa kitu ndani yake, kabla hujaiweka chini unaifunga kitambaa chekundu kwenye mtutu. Kabla hujaiweka chini. Ili asije mtu akaichukua akidhani ni nzima. Mwanajeshi wa wiki ya kwanza anajua hivyo. Unaweza kukosea mengine yote, si hilo. Niliirudisha kwenye boksi bila kitambaa. Nikakaa nayo wiki tatu. Niliona haya kumwambia mkwe wangu kwamba nimepekua vitu vyake."

"Mwambie hivyo."

"Hajakuwa jeshini. Hataelewa."

"Mwambie, Afande."

Simu ilikuwa ukutani, kwenye ukumbi wa mjane. Nilimpigia namba mimi mwenyewe. Rehema akapokea, nikamwomba ampe Salim, nikamkabidhi Afande chombo cha simu. Alikuwa amekaa kwenye kistuli cha kuvulia viatu.

"Salim. Ni mimi. Nilikukabidhi silaha mbovu bila kukuarifu. Kosa ni langu, si la mwingine."

Alisikiliza kidogo, kisha akarudisha simu ukutani.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Amesema hajasikia vizuri. Amesema nirudie."

"Sasa mbona umekata?"

"Nimesharipoti," akasema Afande. "Ripoti hutolewa mara moja."

Nilimtazama mzee yule. Miaka yote ile alikuwa amenirudishia kanda, amenirudisha garini kwenye baridi, amenifanya nihesabu upya kila nilichokwisha kuhesabu. Nikachukua simu, nikapiga tena namba ile ile, na Salim mwenyewe alipopokea sikumwambia neno. Nikamwekea Afande mkononi, nikamfungia njia ya kurudi chumbani.

Safari hii alisimama. Alijiweka wima, visigino pamoja, akavuta pumzi, akaanza upya toka mwanzo.